Chumvi Ndani ya Maganda ya Risasi

Jasmeet alinipigia simu mwezi uliopita nikiwa juu ya ngazi katika karakana yangu hapa Morogoro, namwonyesha fundi wangu mmoja namna ya kuvalisha beringi bila kuigonga kama mwehu. Sauti sikuitambua mara moja. Alisema, kwa Kiingereza chake cha Kenton, kwamba baba yake amefariki, kwamba mwili umeshachomwa kwa desturi yao, na kwamba sasa anaondoa vitu katika nyumba ile. Nikampa pole. Akashukuru, kisha akauliza kitu ambacho nadhani ndicho hasa kilichomfanya aitafute namba yangu: "Rajabu, ile habari ya chumvi ilikuwa kweli?" Nikamwambia nina kelele za mashine hapa, nitampigia. Nikashuka ngazi. Mafundi wangu waliona nimebadilika uso, lakini hakuna aliyethubutu kuniuliza, maana hapa ninaitwa Injinia na ninataka niitwe hivyo. Jina hilo nimelitolea jasho. Nani alinizaa na nilikulia wapi si habari ya leo, na hakuna ndugu hata mmoja aliyenishika mkono hadi London. Nilikwenda mwenyewe, nikasoma mwenyewe jioni baada ya kazi, nikapata diploma ya ufundi mitambo, na diploma hiyo imetundikwa ofisini kwangu mahali ambapo mteja hawezi kukaa bila kuiona.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule wa kwanza baada ya diploma, mwishoni mwa miaka ya tisini. Wenzangu niliomaliza nao walikuwa bado wanabeba masanduku kwenye maghala ya Barking na vyeti vyao viko chini ya godoro. Mimi nilipata kazi ya ufundi. Niliipata kwa baba yake Jasmeet, Mzee Kirpal, Kalasinga wa Arusha aliyehamia Kenton, pembeni mwa London, miaka mingi nyuma na kufungua karakana ya bunduki katika gereji ya nyumba yake, kwa kibali cha polisi, milango ya chuma na kufuli tatu. Wateja wake walikuwa wawindaji wa paa huko milima ya Uskoti, watu wanaopiga mnyama akiwa ng'ambo ya bonde. Mtu anayepiga mbali kiasi hicho haridhiki na risasi za dukani. Anataka ajaziwe zake, zinazolingana na mtutu wake kama kiatu kilichoshonwa kwa mguu wa mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Ganda la shaba lililokwisha kupigwa linarudi, linasafishwa, linarudishwa umbo lake kwa mashine ya mkono, linawekwa fataki mpya ya kuwashia baruti kwenye kitako, linapimiwa baruti, linavishwa kichwa. Ganda moja jema huweza kutumika tena na tena. Nilijifunza yote hayo kwa muda mfupi kuliko mtu yeyote aliyewahi kukanyaga gereji ile. Mzee Kirpal mwenyewe alikiri, ingawa alikiri kwa matusi. "Huyu Diploma," alikuwa akiwaambia wateja, "kichwa chake kikubwa kuliko kilemba changu, lakini mikono haitetemeki."

Aliniita Diploma tangu siku ya kwanza ya kazi. Nilikuwa nimepanga kwao, tangu nilipokuwa mwanafunzi, chumba kidogo cha juu, kile ambacho kitanda kikiingia mlango haufunguki sawasawa, na nilikula mezani kwao. Meza ile ilikuwa na sheria zake. Wao walikuwa hawali nyama iliyochinjwa kwa desturi yetu, nami nilikuwa sili ya kwao, hivyo mke wake, Mama Harbans, alikata shauri la amani: nyumba nzima tule dengu. Dengu za njano, dengu nyeusi, choroko, maharage mekundu, na chapati alizozipuliza juu ya moto wa gesi hadi zikavimba kama mashavu. Mzee Kirpal alilalamika kila Jumapili. "Mwanamke, umenifanya mbuzi katika nyumba yangu mwenyewe, kwa ajili ya Mwislamu mmoja!" Naye Mama akajibu kwa Kiswahili chake cha Moshi bila kugeuka kutoka jikoni: "Mbuzi gani wewe, mbuzi hapigi kelele hivyo akiwa anakula." Kila wiki alinikaangia karanga za chumvi, za kweli, za kugeuza kwa mwiko katika chumvi ya moto, na nilipokuwa bado nasoma alinitilia mfukoni mwa koti nile katika treni ya kwenda chuoni. Niliwahi kuzikuta hata mfukoni mwa koti la kuazima nililovaa siku ya kupokea diploma.

Na Mama Harbans alikuwa sehemu ya kazi. Watu hawakulijua hilo. Maganda yalipokuja machafu, meusi kwa moshi, hayakwenda kwanza kwenye mashine ya kung'arisha kama vitabu vinavyoelekeza. Yalikwenda jikoni. Yeye ndiye aliyeyaosha, kwa maji ya moto, sabuni na ndimu, kama alivyokuwa akiosha sinia za shaba kwao Moshi, na yalitoka yanameta kuliko ya fundi yeyote wa London. Arusha alikuwa akiyaanika juani kwenye ungo, upande mmoja pilipili na upande mwingine maganda ya mzee. London hakuna jua la kuanika hata leso. Kwa hiyo aliyatandaza kwenye trei, trei akaiweka ndani ya kabati la boila ya maji ya moto, pale panapowekwa mashuka, na kesho yake yalikuwa makavu. Kisha ndipo yaliletwa gereji tuyatie kwenye ngoma ya kung'arishia. Nilipofika nilicheka, nikasema kiwandani wana mashine ya kukaushia. Mzee Kirpal akaniambia, "Kiwandani wana mke huyu?" Sikucheka tena.

Matatizo yalianza na bunduki ya Bwana Virji. Huyu alikuwa mwenye duka la dawa Harrow, mtu wa Kampala kwa kuzaliwa, mpole, mwenye miwani minene, na kitu pekee alichokipenda kuliko duka lake kilikuwa kuwinda paa Uskoti kila msimu. Alikuja vuli moja akaiweka bunduki mezani. "Kirpalbhai, komeo linakwama," alisema, akigusa kile chuma cha kuvuta kinachofungia risasi ndani. "Nikipiga, halifunguki mpaka nilipige kwa kiganja. Na zile za mbali, moja inakwenda juu, moja inakwenda chini. Nimezeeka mimi au zimezeeka risasi zako?" Mzee Kirpal akaitazama bunduki, akamtazama Virji, akasema, "Miwani yako imezeeka." Wakacheka. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuyashika maganda aliyoyarudisha. Juu ya kitako cha baadhi yake, kuuzunguka ukingo wa fataki, palikuwa na masizi. Maana yake gesi ya moto, ile inayotakiwa kusukuma kichwa cha risasi mbele, ilikuwa ikitorokea nyuma, upande wa uso wa mpigaji. Kwa mtu anayeweka jicho karibu na darubini ya bunduki, nyuma ni jicho.

Nilifanya kazi ile kama nilivyofundishwa, na nasema bila haya kwamba sijaona fundi aliyeweza kuifanya vizuri zaidi. Nilijaribu kwanza bunduki yenyewe kwa risasi mpya za kiwanda, uwanjani nje ya mji. Komeo likafunguka laini kama droo, shabaha zikakaa pamoja. Kwa hiyo kosa halikuwa la bunduki, lilikuwa letu. Nikaipima mizani ya baruti kwa uzito wa kuipimia, ilikuwa sawa. Nikakagua makopo ya baruti, hayakuwa yamechanganywa. Nikapima urefu wa kila risasi kwa venia, kipimo cha fundi kinachosoma hadi unywele, sawa. Kila nilipoondoa sababu moja nilimwambia mzee, na kila nilipomwambia alizidi kukunja uso. Hatimaye aliamua mwenyewe. "Baruti imezidi. Msimu huu kopo limekuja kali. Punguza." Tukapunguza. Akamjazia Virji boksi jipya kwa maganda yake yaleyale yaliyotoka kuoshwa, Virji akalibeba pamoja na bunduki yake kwenda Uskoti kwa furaha, akatuachia kadi ya nyumba ya wageni atakayokaa, kwamba tukitaka nyama ya paa tumpigie. Mimi nilibaki na mabaki ya kundi lile la maganda na moyo mzito. Ni kweli kwamba baruti ikizidi komeo hukwama. Lakini nilipojaza chache nyingine kwa kipimo kile kilichopunguzwa, nikaenda nazo uwanjani na kuzipiga kwa bunduki ya karakana ya aina ileile, nikivuta kwa kamba nikiwa nimejificha nyuma ya magunia ya mchanga, masizi yalikuwapo bado. Ganda moja lilitoka fataki yake imelegea, ikadondoka mkononi mwangu yenyewe, kama jino bovu.

Ukipunguza moto na chungu kikaendelea kufurika, basi tazama chungu. Nilirudi gereji nikayatazama maganda kwa kioo cha kukuzia. Nje yalikuwa yanameta, hakuna alama, kwa kuwa yalikwisha kupita kwenye ngoma. Nikayatazama ndani. Katika shingo za baadhi yake niliona ukoko mweupe, chembechembe. Nikafikiri ni sabuni. Nikachokoa kwa sindano, nikaweka chembe moja kwenye ncha ya ulimi, nikatema. Ilikuwa chumvi. Nilimwonyesha Mzee Kirpal. Alikuwa anasugua kitako cha mbao cha bunduki, hakuinua macho. "London maji magumu," alisema. Nikamwambia maji magumu huacha chokaa, hayaachi chumvi. "Basi Diploma, umepata chumvi. Nenda katafute limau." Lakini mkono wake ulikuwa umeacha kusugua.

Jibu nililikuta mchana wa siku iliyofuata. Niliingia jikoni kutafuta maji ya chai, na kulikuwa na joto la tanuri na harufu niliyoijua, ya chumvi ya moto, ila ndani yake kulikuwa na harufu nyingine ya chuma. Mama Harbans alikuwa amechutama mbele ya oveni ya gesi, mlango wake wazi, moto umewashwa hadi mwisho. Trei ilikuwa imewekwa chini kabisa, juu ya moto wenyewe. Ndani ya trei palikuwa na maganda ya risasi, mengine yamegeuka rangi ya kahawia, mengine yana samawati mgongoni kama kunguru, na chumvi imemwagwa juu yake. Alikuwa anayageuza kwa mwiko, polepole, kwa upendo, ili yasiungue upande mmoja. Alinitazama akatabasamu. "Ngoja zipoe, Rajabu," alisema. "Utakwenda nazo chuoni."

Msomaji asiyejua shaba aelewe jambo moja tu. Ganda huwa gumu kitakoni kwa makusudi, ili lihimili mshindo. Likipikwa linalainika, na likilainika haliwezi kuishika fataki wala kuizuia gesi. Ukishaling'arisha, rangi ya kuungua inatoka na hakuna jicho la binadamu litakalolijua. Nilizima oveni, nikamshika Mama mkono nikamkalisha, nikatoka na ganda moja lililopoa. Gereji nililibana kwenye jiliwa, na kando yake ganda jipya. Nikazungusha mkono wa jiliwa kwa nguvu ileile. Jipya likagoma. La jikoni likajikunja kama mdomo wa mzee asiye na meno. Mzee Kirpal alisimama anatazama. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, sababu na matokeo, na sikuficha kwamba nilikuwa najivunia, kwani nilikuwa nimekamata kitu ambacho kingewashinda maprofesa. Hakuuliza hata swali moja. Ndipo nikaelewa kwamba habari za jikoni alikuwa anazijua. Sufuria zilizoungua alikuwa akizitupa mwenyewe. Mswaki uliokutwa kwenye kopo la unga aliutoa mwenyewe. Ila maganda hakuyawaza, kwa sababu maganda ndicho kitu ambacho mke wake hajawahi kukikosea.

"Virji yuko Uskoti na boksi zima," nikasema. "Tumpigie."

"Atarudi Jumapili. Nitamwambia anirudishie, nitampa mengine."

"Mzee, ataanza kupiga kabla ya Jumapili. Anakwenda kupiga."

"Diploma, sikiliza." Sauti yake ilishuka, akabadili jina, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Rajabu. Nikimpigia ataniuliza kwa nini. Nitasema nini? Polisi wakisikia hapa maganda yanapikwa, kibali kimekwenda. Watu wa halmashauri wakisikia mwanamke anapika risasi jikoni, watakuja na gari lao watampeleka kwenye zile nyumba zao, atakaa dirishani na watu asiowajua lugha. Lugha yenyewe atasahau Kiingereza kwanza, unajua? Ameshaanza. Nipe hadi Jumapili."

Nilimpa muda wa birika kuchemka, si zaidi. Kisha nikaenda ukumbini, nikainua simu, nikasoma namba kwenye kadi. Aliyepokea alikuwa mama mwenye nyumba ya wageni. Akasema Bwana Virji ametoka asubuhi na mwongoza wawindaji, wako mlimani. Nikamwambia amtume mtu sasa hivi, kwamba risasi zile zitamuua. Mzee Kirpal alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, mikono imejaa mafuta, ananisikiliza. Hakunipokonya simu. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini hakunipokonya. Alirudi ndani akaanza kusugua tena kile kitako cha mbao, na tulikaa hivyo alasiri nzima, yeye anasugua, mimi nakaa kwenye ngazi za ukumbini kando ya simu, na Mama Harbans jikoni anauliza kila mara nani amechukua karanga.

Simu ililia kabla ya chakula cha jioni. Virji alikuwa anahema. Alikuwa amepiga moja, alisema, na moshi ukamrudia usoni, miwani ikapata ufa, komeo likakwama kabisa. Mwongoza wawindaji alikuwa akiligonga kwa jiwe ili waweke nyingine, paa yuko palepale ng'ambo anawatazama, ndipo gari lilipopanda mlima likipiga honi. "Kimetokea nini, bwana?" akauliza. "Niambie kweli." Nami nikamwambia kweli. Nilimwambia kama nilivyomwambia mzee, kwa mpangilio: masizi, mizani, kipimo, chembe nyeupe, ulimi wangu, oveni, mwiko. Alipiga mluzi. "Ajabu! Chumvi ulionja mwenyewe? Wewe kijana ni hatari." Ndiyo, nilifurahi kuambiwa hivyo. Nilikuwa nimeokoa jicho la mtu, pengine fuvu lake, kwa akili yangu, na mtu huyo ananisifu.

Virji hakwenda polisi. Alikuwa mtu mwema. Lakini alikuwa na duka, na duka lina kaunta, na kisa kile kilikuwa kitamu mno kukaa nacho peke yake. Kabla ya baridi kuisha Kenton nzima ilikuwa na kisa cha karanga za Kirpal. Kwenye duka la viungo mtu alimuuliza Mzee Kirpal kama anauza za pilipili pia. Alirudi nyumbani bila viungo. Wiki ileile alipeleka kibali chake polisi kwa hiari yake, akasema amechoka, akafunga gereji. Kisha aliniita. "Umeokoa jicho la mtu, Diploma," alisema. "Hilo nakushukuru. Ungemwambia Kirpal kazeeka, kakosea baruti. Ningeubeba mzigo huo, mimi ni mwanamume, nimecheka na kuchekwa. Wewe ukaona lazima useme na chumvi." Nikamjibu kwamba fundi hutaja chanzo cha kosa, hataji kitu kingine. "Ndiyo," akasema. "Ndivyo wanavyofundisha. Hama mwisho wa mwezi."

Nimelirudia jibu lile mara nyingi na hadi leo naliona sawa. Katika karakana yangu ninafukuza fundi anayeniambia mashine imeharibika "yenyewe". Nimejenga nyumba ya ghorofa, nimesomesha, nimeajiri, na yote yamejengwa juu ya tabia hiyo ya kusema kitu kimevunjika wapi na nani alikivunja. Wanaotaka nijute watasubiri.

Lakini siku niliyohama nilishuka na sanduku langu nikamkuta Mama Harbans amekaa sebuleni, kwenye kiti cha wageni, mikono juu ya magoti. Mlango wa jikoni ulikuwa na kufuli. Ilikuwa moja ya zile kufuli tatu za gereji, naijua kwa mkwaruzo wake, nilikuwa nikiifungua kila asubuhi. Mzee alikuwa ametoka kununua chakula cha kupasha moto. Mama aliniona na sanduku, akainuka kwa haraka kama mwenyeji aliyeshtukizwa, akaelekea jikoni, akafika mlangoni, akaishika ile kufuli. Aliigeuza huku na huku kama mtu anayetazama kitu alicholetewa zawadi asijue matumizi yake. Akaniangalia. "Umekula?" akauliza. Nikamwambia, "Nimekula, Mama." Nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu jana yake. Akaketi. Nilipofika mlango wa mbele akaniuliza tena, na tena nikasema nimekula.

Jana jioni nilimpigia Jasmeet. Mafundi walikwisha kuondoka, mashine zimezimwa, hakukuwa na kelele ya kusingizia. Nikamwambia ndiyo, chumvi ilikuwa kweli, niliionja. Akasema alijua, alitaka tu kusikia kwangu, kwamba watu walicheka miaka mingi na baba yake hakuwahi kumweleza ilikuwaje. Nikamwambia kuna jambo moja ambalo sikumwambia Virji wala baba yake, kwa kuwa halikuwa sehemu ya kosa, halikubadili kitu katika shaba. Nikamwambia mama yake hakuwa amechanganyikiwa tu akatia chumvi popote. Alikuwa ananikaangia mimi karanga za kwenda nazo chuoni.

Akaniomba nirudie, polepole, kwa Kiswahili, kama mama yake alivyosema.

"Ngoja zipoe, Rajabu," nikasema.